Picha ya mtoto inapogoma kwenda: anza kukagua ruta

Juzi saa tatu usiku jirani yangu hapa Kibirizi alinigongea mlango, mtoto mgongoni, simu mkononi. Mtoto ana miaka miwili, alikuwa na homa tangu mchana na vipele vimemtoka shingoni. Dada yake mama huyo ni muuguzi, anaishi Ujiji, na alikuwa amemwandikia: "Nitumie picha nione." Picha ikawa inazunguka tu, haiendi.

"Dada, hebu njoo unitazamie hii waifai," akaniambia.

Ruta yao niliikuta sebuleni nyuma ya friji, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Tuliitoa, tukaiweka dirishani. Baada ya dakika chache picha ilikwenda. Lakini kabla ya kuja kwangu alikuwa amehangaika karibu saa nzima, akizima na kuwasha simu. Saa hiyo moja ndiyo iliyonifanya niandike haya wiki hii.

Intaneti hupita njia mbili

Nyumba nyingi zetu hutumia ruta ya laini, ile inayowekwa laini kama simu. Intaneti yake hupita njia mbili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Alama ya waifai unayoiona juu ya simu hupima njia ya pili tu. Inaweza kujaa kabisa huku ruta yenyewe haipati kitu kutoka mnarani. Ndiyo maana tunasema "waifai imejaa lakini haifungui."

Kwa hiyo mzazi, kabla hujanunua bando jingine au kumwita fundi, tafuta kwanza ni njia ipi iliyokatika.

Simama karibu na ruta. Kama hapo inafungua vizuri lakini chumbani inagoma, tatizo liko kati ya ruta na simu. Ukuta mnene, friji au kabati la chuma vinazuia mawimbi. Isogeze ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu.

Kama hata ukiwa karibu haifungui, angalia bando. Ujumbe wa kwamba bando limeisha mara nyingi hutumwa kwenye laini iliyo ndani ya ruta, si kwenye simu yako, kwa hiyo unaweza usiuone kabisa. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya ukutani.

Kama bando lipo, zima waifai kwenye simu, kisha jaribu kwa bando la simu la kampuni ileile. Simu nayo ikigoma, huenda mtandao wenyewe una shida na hakuna utakachorekebisha nyumbani. Simu ikifungua, basi geukia ruta: ihamishie dirisha moja baada ya jingine, kila mara subiri dakika mbili uone. Nyumba ya bati na nondo za madirishani inaweza kuwa na dirisha moja tu linalopata mnara vizuri.

Bado? Chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, chomeka tena, kisha ipe dakika tatu iamke. Usichokonoe kile kitundu kidogo kwa pini. Kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri mlivyoweka.

Kitambaa nacho kiondoke. Ruta hutoa joto, na ikikosa hewa huanza kusuasua. Umeme ukikatika, ichomoe, na ukirudi subiri utulie ndipo uichomeke.

Kasi ikishuka kila jioni, hesabu simu zilizoungwa. Kama neno la siri ni lile lililobandikwa kwenye ruta tangu dukani, na kila mgeni ameshalisoma, libadilishe.

Je, mawimbi yake yanamdhuru mtoto?

Swali hili naulizwa mara nyingi. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu na waifai, katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwapo ulikuwa mdogo. Ruta hutoa mawimbi hafifu, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali nayo. Iweke mbali kidogo na kitanda cha mtoto, inatosha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kioo cha simu. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kuzima ruta usiku kunasaidia nyumba nzima kulala.

Turudi kwa jirani yangu. Picha ilipofika Ujiji, dada yake hakuitazama sana. Alipiga akauliza mambo mawili: mtoto anakunywa? Homa imeanza lini? Kisha akasema, "Mpelekeni akapimwe malaria sasa hivi." Vipele vilikuwa vya joto tu. Malaria ilikuwepo, na alianza dawa usiku uleule. Sasa anacheza.

Maswali yale mawili yangeweza kuulizwa saa nzima kabla, kwa simu ya kawaida isiyohitaji intaneti. Kwa hiyo bandika karibu na ruta karatasi yenye namba ya kituo chako cha afya, na ya bodaboda unayemwamini. Mtoto akiwa na homa, mpeleke akapimwe bila kusubiri jibu la mtandaoni. Na kama hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea haamki, usishike simu kutuma picha. Mbebe mtoto, nenda. Ruta utaitengeneza ukirudi.