Bafle za bei ndogo, ili wote wasikie

Mjini Butembo na Beni, jamaa nyingi zimepokea wahami waliokimbia mauaji yaliyoanza wilayani Beni Oktoba 2014. Nyumba ni moja, watu ni wengi, redio ni ndogo. Jamaa kama hiyo ikitafuta bafle, isichekwe kwamba inapenda starehe: inataka wote wasikie habari, na watoto waone filamu pamoja.

Ila pesa kidogo isiishie kwenye besi. Habari ni maneno, na besi kubwa inayafunika. Bafle mbili za okazyo, zilizojaribiwa mbele ya mnunuzi, zinatosha. Ziwekwe juu ya meza, usawa wa masikio, mbali na kona ya ukuta. Fundi aangalie ampli pia: bafle mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohm 4, na ampli dhaifu inaweza kuungua.

Tena, giza likiingia sauti ishushwe. Beni watu wengi bado wanalala masikio wazi. Bafle inayomzuia jirani kusikia risasi ama kilio cha kuomba msaada ni ya bei kali, hata kama ilinunuliwa rahisi.