Kinyaa na Chukizo

Akina mama wapendwa, pale Mwaloni Kirumba tukikuta dagaa walioharibika husema, "Wanatia kinyaa!" Kinyaa hukaa puani na tumboni, tukishapita, kimekwisha. Chukizo ni zito zaidi, maana hukaa moyoni. Mithali sura ya 6 inataja machukizo saba, yakiwemo kiburi, uongo na kufitinisha ndugu. Uji uliomwagika haumo.

Kwa nini basi mtoto akimwaga uji tunamwambia, "Unanichukiza"? Uji hufutika kwa kitambaa. Neno hilo halifutiki. Hata akidanganya, tumwambie, "Uongo huo umenichukiza, lakini wewe mwanangu nakupenda."

Na kama tulishamwambia, jioni ya leo tumwite, tumwombe radhi.