Treni yaonyesha uzuri wa Ukambani, mbona Tseikuru haionekani?

Treni inayosimama katika vituo vya kati hung'oa nanga Nairobi saa mbili asubuhi. Muda si mrefu abiria aliyeketi upande wa kulia, mawingu yakimpisha, huuona Mlima Kilimanjaro ukielea juu ya nyanda za Emali, kisha vilima vya Chyulu vinavyofuatana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Simu hutolewa mifukoni, watoto wakapandishwa mapajani, na behewa zima likainamia upande mmoja. Aliyeketi kushoto hana wa kumwonea wivu. Hata hivyo, akitulia mpaka treni ipite Kibwezi, ataona mbali sana mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Huo ni uwanda wa Yatta, lava iliyomwagika na kuganda katika zama za kale kwa urefu wa takriban kilomita 300, mmoja kati ya mikondo mirefu zaidi ya aina hiyo duniani.

Nyuma ya mstari huo ndiko Kitui. Na katika pembe ya mbali kabisa ya Kitui, kaskazini, mahali ambapo kaunti hiyo inakaribia Mto Tana, ndiko Tseikuru.

Wakenya wengi wamelisikia jina la Tseikuru kupitia siasa, kwa kuwa ndiko alikozaliwa Kalonzo Musyoka, aliyekuwa Makamu wa Rais kati ya 2008 na 2013. Wachache mno wamefika huko. Na tangu reli ya kisasa izinduliwe Mei 31, 2017, safari ya treni baina ya Nairobi na Mombasa imekuwa burudani inayotamaniwa na maelfu ya familia, hasa nyakati za likizo na sikukuu. Swali ambalo halijaulizwa ipasavyo ni hili: burudani hiyo inaiachia nini ardhi inayotazamwa, na je, wenye ardhi hiyo nao wanayo nafasi ya kuifurahia?

Tamaa ya kutazama nchi kupitia dirisha la treni si jambo geni. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Haikupita muda kabla ya wageni wenye vyeo kuigeuza kuwa jukwaa la kutazamia wanyama. Winston Churchill alisafiri nayo mwaka 1907, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akafuata 1909. Wote wawili waliketi mbele kabisa ya injini, kwenye benchi lililofungwa hapo mahususi, ili wasikose hata swara mmoja. Hakuna aliyewauliza Wakamba waliokuwa wakichunga mifugo yao kando ya reli wao waliionaje treni. Masimulizi ya jadi, hata hivyo, yanadai kwamba Wakamba walikuwa wamekwisha kuionyeshwa: nabii Syokimau alitabiri ujio wa nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka maji hadi maji. Leo stesheni kuu ya Nairobi ipo Syokimau, na ni abiria wachache wanaofahamu kwamba wanapanda treni katika mahali penye jina la mwanamke huyo.

Katika miaka ya mwisho ya reli ya zamani, treni ya abiria ilisafiri usiku. Ilitoka jioni, mlo ukaandaliwa, vitanda vikatandikwa, na kulipopambazuka aliyetoka Nairobi alijikuta anaitazama Tsavo au nyika ya Taru. Ukambani ulipitwa gizani, isipokuwa treni ichelewe, na ilichelewa mara nyingi. Safari hizo zilikoma Aprili 2017. Reli mpya yenye urefu wa kilomita 472 ilipoanza kazi, safari ikapungua hadi saa tano au sita, na treni ya asubuhi ikaanza kuivuka Makueni mchana kweupe. Kwa mtazamo huu, Ukambani umeonekana zaidi katika miaka hii michache kuliko ulivyoonekana kwa muda mrefu.

Lakini kuonekana si kufikiwa. Madirisha ya mabehewa mapya hayafunguki. Njia yenyewe imezungushiwa uzio, na kwa sababu nzuri: treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa haiwezi kumsubiri mbuzi aamue. Tembo wa Tsavo wamejengewa mapito chini ya reli, na yeyote aliyewahi kuwaona wakiwa wamejipaka udongo mwekundu atakubali kwamba gharama hiyo ilistahili. Waliosahauliwa ni wachuuzi. Zamani treni iliposimama, na mara nyingine ikakwama, mama mwenye ndizi au machungwa alifika hadi dirishani na biashara ikafanyika kwa kunyoosha mkono. Stesheni mpya zina ulinzi na ukaguzi wa mizigo, na baadhi yake ziko mbali na miji ambayo majina yake zimebeba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wahenga. Hapa mgeni anapita kwa kasi, na mwenyeji anabaki upande wa pili wa seng'enge.

Pigo hilo halikuja peke yake. Miji ya Emali, Kibwezi na Mtito Andei iliishi kwa madereva wa malori waliosimama kula, kulala na kutengeneza magurudumu. Agosti 2019 serikali iliagiza makasha ya mizigo yasafirishwe kwa reli hadi Nairobi, na mikahawa ya barabarani ikaanza kuhesabu meza tupu. Rais William Ruto aliliondoa agizo hilo mara tu alipoingia madarakani Septemba 2022, lakini somo lilikuwa limekwisha kusomwa. Reli inaweza kuupita mji wako kila siku na bado ikakupokonya mkate.

Baadhi ya wachambuzi watasema Tseikuru haina dai lolote katika suala hili, kwani iko mbali mno na reli. Dai hilo ni jepesi. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban Sh327 bilioni, sehemu kubwa zikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Ili kuugharimia mradi huo, serikali ilianzisha mwaka 2013 ada ya ustawi wa reli, iliyoanza kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Ada hiyo haichagui. Mkulima wa Tseikuru anaponunua bomba la kunyunyizia dawa, betri ya sola au vipuri vya bodaboda vilivyotoka ng'ambo, anachangia reli sawa na mkazi wa Kilimani anayeipanda kila Pasaka. Tofauti ni kwamba mmoja wao hupata kuketi dirishani.

Tazama jinsi mkazi wa Tseikuru anavyolazimika kwenda Mombasa akitaka kupanda treni. Njia aliyoizoea humpeleka Kyuso, Mwingi, Thika na hatimaye Nairobi, yaani anaelekea kusini-magharibi huku bahari ikiwa kusini-mashariki. Huko hutafuta gari la kumfikisha Syokimau, mara nyingi baada ya kulipia malazi kwa kuwa treni ya asubuhi haimngojei aliyetoka mbali. Kisha anarudishwa kupitia Makueni, kusini mwa kaunti yake mwenyewe, akiitazama Yatta kutoka upande usio wake. Nauli nayo imepanda: kuanzia Januari 1, 2024, tiketi ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilitoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na ya daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Kwa familia ya watu watano, kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni Sh15,000 iwapo wote wanalipa nauli ya mtu mzima, kabla hata ya kununua maji ya kunywa.

Ipo njia nyingine, na hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Katika utawala wa Uhuru Kenyatta, barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha, Mutomo, Kitui na Kabati hadi Migwani, takriban kilomita 190, ilianza kutiwa lami. Hii ndiyo kazi kubwa zaidi ya barabara ambayo eneo hilo limepata tangu uhuru, na umuhimu wake kwa utalii haujatambuliwa. Kutoka Migwani mtu anafika Mwingi, na kutoka Mwingi anapanda hadi Kyuso na Tseikuru. Kwa maneno mengine, stesheni ya Kibwezi imekuwa lango la kusini la Kitui bila ya mtu yeyote kulitangaza lango hilo.

Na si kwamba nyuma ya lango hakuna cha kutazama. Karibu na mji wa Kitui kuna jabali la Nzambani, ambalo masimulizi yanasema ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Wageni wengi huishia mzunguko wa sita. Mwingi ina asali ambayo sifa zake zilienea baada ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kushirikiana na wafugaji wa nyuki wa huko. Ukipita Kyuso, milima ya Mumoni inasimama kushoto. Mbele ya Tseikuru kuna Hifadhi ya Mwingi, na inayopakana nayo ni Mbuga ya Kora, alikoishi George Adamson na simba wake mpaka alipouawa na majangili Agosti 20, 1989. Watu walioziona filamu za simba hao wako kila pembe ya dunia. Wanaojua kwamba Tseikuru ni jirani wa Kora ni wa kuhesabu kwa vidole, hata miongoni mwa Wakenya.

Wapo wanaotaka reli yenyewe iletwe. Kila msimu wa kampeni ahadi za reli husikika hapa na pale, na wapigakura wa maeneo kame wamezizoea kama walivyozoea ahadi za mabwawa. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, ulijumuisha reli ya kupitia Garissa na Isiolo, ng'ambo ya Tana ukiwa Tseikuru. Bandari imejengwa. Reli haijajengwa. Anayeisubiri ili aende matembezi na wajukuu wake afadhali awaombee wajukuu hao maisha marefu.

Upande wa Shirika la Reli nao usikilizwe. Kila kituo kinachoongezwa hula dakika, na abiria wengi wa Mombasa wanataka kufika upesi. Mapato ya reli yanasumbuliwa na madeni, na si haki kulitaka shirika liendeshe safari za hasara kwa ajili ya mandhari. Hoja hiyo ina uzito. Lakini treni ya asubuhi tayari inasimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Dakika hizo zimekwisha kulipwa. Kinachokosekana kiko nje ya lango la stesheni, na hicho si kazi ya dereva wa treni. Tiketi humalizika langoni. Kuanzia hapo abiria anajitegemea.

Majirani wametoa mifano miwili tofauti. Tanzania ilipoanza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watu walipanda kwanza kwa shauku ya kuiona, kazi na biashara zikafuata. Reli ya TAZARA, kwa upande wake, imekuwa kwa miaka mingi ikiwapitisha wasafiri kando ya wanyama wa Selous, eneo ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Nyerere, lakini sifa ya kuchelewa imewafukuza wengi. Nchini Kenya kwenyewe, njia ya zamani ya Nanyuki ilikarabatiwa na treni ya abiria ikarejea mwaka 2020 baada ya kimya cha miaka mingi. Watu walimiminika, wengi wao wakienda tu kuona Mlima Kenya na kurudi. Hilo linaonyesha kwamba Mkenya wa kawaida yuko radhi kulipia dirisha. Serikali za kaunti hazijajifunza kumuuzia kinachofuata baada ya dirisha.

Magavana wa Kitui na Makueni hawahitaji ruhusa ya Beijing kulifanya hilo. Matatu zenye ratiba inayolingana na treni ya asubuhi, kutoka Kibwezi hadi Kitui na Mwingi, zinaweza kupangwa na vyama vya wenye magari wenyewe, mradi kaunti zikubaliane juu ya vituo na leseni. Soko dogo la matunda ya Makueni, asali ya Mwingi na vyondo vya akina mama linaweza kusimamishwa karibu na lango, penye kivuli na choo safi, bila kuvunja kanuni za usalama za reli. Bango linaloonyesha njia ya Kora kupitia Tseikuru ni mbao, rangi na nusu siku ya fundi.

Na watoto wasisahauliwe. Mwanafunzi wa Tseikuru husoma habari za reli ya Uganda, hukariri miaka yake na kuandika majina ya simba wala watu wa Tsavo kwenye mtihani, pengine bila kuwahi kuliona taruma. Basi la shule linaloondoka alfajiri likafuata barabara mpya hadi Kibwezi linaweza kuwapandisha darasa zima treni mpaka Voi, wakaipita Tsavo na kurudi jioni kwa treni ya kutoka Mombasa ikiwa ratiba ya siku hiyo itaruhusu. Fedha za ziara za aina hiyo hupangwa katika makadirio ya kaunti, ambayo huwekwa mbele ya umma kwa maoni kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Vikao hivyo hufanyika hadi mashinani, na wakazi wa Mwingi Kaskazini wana haki ya kuvihudhuria na kuuliza kipengele hicho kiko ukurasa upi.