Si Deko, Si Imani Haba: Anaumwa



Leo sing'ati maneno. Mja mzito akiwa analia kila siku, visiwani kwetu ana majibu matatu tu: anadeka, imani yake haba, au ana shetani. Hakuna anayesema anaumwa.

Hiyo ni sonona, nayo ni maradhi kama presha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke 1 kati ya 10 wenye mimba hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi kama zetu ni wengi zaidi.

Mimi kazi yangu cherehani. Waja wazito huja niwaachie nguo, lakini wapo ambao tumbo linakua na mabega yanakwisha. Ukiwauliza, hawali, hawalali, kliniki hawendi. Nyumbani wanaambiwa, "Mimba zote ndivyo zilivyo."

Hapana! Uchovu wa mimba ukipumzika unapungua. Huzuni ya wiki mbili mfululizo, hata ulichokipenda hukitamani, hiyo ni ya kupelekwa hospitali.

Na haimuumizi mama peke yake. Tafiti nyingi zimeona kuwa mwenye sonona yumo zaidi katika hatari ya kujifungua kabla ya wiki 37, yaani mtoto njiti, au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Sisemi kila njiti ni kwa sababu ya huzuni. Sababu ni nyingi, na aliyezaa njiti asilaumiwe. Ila tunapomnyamazisha mama, na mwanawe tunamuweka hatarini.

Enyi wa "imani haba", Bibi Maryam naye imani yake ilikuwa haba? Uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa amekwishakufa. Hakukaripiwa. Aliliwazwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Wewe mkaza mwana wako unampa nini zaidi ya masimango?

Swala na dua hatuziachi. Lakini mtu akipandwa na presha tunamuombea huku tunamkimbiza hospitali. Na sonona iwe hivyo hivyo.

Kinachowazuia wengi ni ule uoga wa kusikia "kaonekana Kidongo Chekundu". Dada, anza kwa mkunga wako wa kliniki, mwambie ukweli. Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, na dawa ambazo daktari atakuchagulia kwa hali yako. Usijinunulie, wala usiziache mwenyewe. Na anayesema bora afe, apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Nawe bibi harusi, somo atakufunza mengi, hili huenda asikufunze. Muulize mchumba wako kabla ya nikaha: "Nikiwa na mimba nikashindwa kulala kwa huzuni, utanipeleka hospitali au utaniambia nadeka?" Jibu lake lisikilize vizuri kuliko unavyoihesabu mahari.