Kibao cha Montessori hakitoshi

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi wamefungasha virago kutoka Dar es Salaam, na wengi wao wana watoto wa umri wa chekechea. Mzazi mgeni ana shida ambayo mwenyeji hana: hana jirani wa siku nyingi wa kumwuliza ni wapi watoto wanalelewa vizuri. Anabaki kusoma vibao vya barabarani, na siku hizi kibao chenye jina la Montessori ndicho kinachomtoa mtu hela haraka. Naona jina hilo peke yake halithibitishi kitu. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma, katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Januari 1907, na jina lake halikuwahi kuwa na mmiliki mmoja. Huko Marekani liliamuliwa mwaka 1967 kuwa ni la wote. Shule yoyote inaweza kuliandika getini.

Tofauti iko darasani. Utafiti wa Angeline Lillard wa mwaka 2012, uliofanyika Marekani, ulilinganisha madarasa yanayofuata mbinu ya Montessori kikamilifu na yale yanayoichanganya na mambo mengine. Watoto wa kundi la kwanza walipiga hatua kubwa zaidi katika kusoma, hesabu na kujidhibiti. Kwa hiyo mzazi aombe kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja. Atazame kama mtoto anachukua trei mwenyewe, anamimina maji kutoka jagi dogo, anafuta yaliyomwagika, kisha anairudisha rafuni bila kuamriwa. Kama wa miaka mitatu anakaa na wa miaka sita. Kama mwalimu ameinama mkekani au yuko ubaoni akiongoza kiitikio cha a, e, i, o, u. Huo mchanganyiko wa umri una faida ya pekee kwa mtoto aliyehama, maana kila mwaka wapo wadogo wanaoanza na wakubwa waliozoea kuwaelekeza, hivyo ugeni wake si ajabu.

Wapo watakaouliza: na usaili wa darasa la kwanza je? Katika utafiti wa Milwaukee, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, watoto waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa kura walilinganishwa na waliokosa. Walipofika miaka mitano, waliopata waliwashinda wenzao katika herufi na hesabu. Pingamizi la ada ni zito zaidi, lakini jibu lake liko pwani yetu. Chekechea za madrasa zilizoanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, zikaenea hadi Zanzibar na Uganda, hufundisha kwa michezo na vifaa vya kuokoteza, na utafiti wa mwaka 2008 katika maeneo hayo ulionyesha watoto wake wakiendelea vizuri kuliko wa chekechea nyingine. Hazikuhitaji jina la Kiitaliano.

Limebaki suala la umbali, ambalo wazazi hulipuuza. Mtoto aliyepoteza nyumba, marafiki na pengine bibi aliyekuwa akimlea hapaswi kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule. Kati ya Montessori halisi iliyo mbali na chekechea ya kawaida iliyo jirani, yenye mwalimu mpole, ningechagua ya jirani, angalau kwa mwaka wa kwanza.