Vidole vya Mrututu na Jani la Mairungi



Kibarua wa kupuliza dawa ya shaba katika kahawa utamtambua kwa kucha zake: zimegeuka buluu. Huo ni mrututu, chumvi ya shaba inayozuia kutu ya majani. Na shavu lake mara nyingi limejaa mairungi, kwani bomba la mgongoni ni zito na siku ni ndefu. Sisi tunaotoka Rugaaga na Nakivale kwenda kutafuta kibarua tunayajua yote mawili.

Wako wasemao kwamba shaba ni lishe, basi haidhuru. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mtu mzima anahitaji shaba kama miligramu 1 kwa siku, naye huipata katika maharage, karanga na maini. Katika mishipa ya fahamu kimo kimeng'enya chenye shaba, kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, kemikali inayoupigisha moyo mbio na kumweka mtu macho. Mairungi hayatengenezi kemikali hizo. Katinoni iliyo katika jani bichi huzitoa ghalani kwa mkupuo, njaa ikasahauliwa na usingizi ukakimbia. Uchovu umebaki pale pale. Wala kumeza shaba zaidi hakuleti nguvu: kimeng'enya kikishatosheka, ziada ni mzigo wa ini, ambalo huitoa kwa njia ya nyongo.

Na ini lina kiasi chake. Aliyemeza mrututu hutapika na kukatwa na tumbo. Ukiwa mwingi huvunja chembe za damu, ukaharibu ini na figo. Ukungu wa dawa nao si mchezo. Mwaka 1969 madaktari wa Ureno waliandika habari za wapuliza dawa wa mashamba ya mizabibu, ambao mapafu yao yalikutwa na vidonda vyenye shaba ndani yake.

Sasa mtazameni mwenzetu kazini. Anachambua majani kwa vidole vile vile vilivyokoroga dawa, anayatia shavuni, anatafuna kwa saa nzima na kumeza maji yake. Kichwa kikimgonga, nani atajua kama ni dawa, ni jua, au ni mairungi?

Mimi sikubaliani na wanyapara wanaomkemea kibarua kwa sababu ya mairungi huku wakimhesabia mabomba. Anayelipwa kwa bomba hawezi kupumzika, na asiyepumzika atatafuta cha kumsimamisha. Chama kidai malipo ya siku kwa kazi ya kupuliza, maji na sabuni penye pipa la kukorogea, glavu na barakoa, na saa ya chakula isiyokatwa. Hayo yadaiwe kabla mvua hazijaanza, maana dawa ikishafunguliwa hakuna mwajiri atakayesikiliza.

Nasi kwa upande wetu, kitita cha mairungi kisiwekwe karibu na pipa, na asiyenawa asichambue.