Kazi ya Mikono Shuleni Iwe Somo, Isiwe Kibarua

Tangu Januari 2024, mitaala mipya iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imekuwa ikiingia madarasani hatua kwa hatua. Ilianza katika elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza. Shabaha yake ni kumwezesha mtoto kutenda badala ya kukariri tu. Shabaha hiyo ni njema, na inastahili kuungwa mkono na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma.

Hata hivyo, shabaha hiyo si ngeni. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulitaka shule iwe mahali pa kazi na pa kufikiri kwa wakati mmoja, na elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, wala si ngazi ya kupandia sekondari. Kwa hiyo hapana haja ya kubishana tena kama jambo hili linafaa. Linalopaswa kuulizwa ni kwa nini halikukamilika mara ya kwanza, na lifanywe nini lisikwame tena.

Wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Tambarare yake imejengwa kwa udongo wa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mvua yake ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za nchi. Wananchi wake hulima mpunga, kakao, michikichi na ndizi, na ziwa huwapa usipa na mbasa. Huko Ikombe, karibu na Matema, chini ya Milima ya Livingstone, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, navyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi masokoni. Mtoto anayeingia darasa la kwanza wilayani humo ameshaamia ndege katika majaruba, ameshaanua usipa mvua ilipotisha, na ameshamwona mama yake akipimiwa mpunga na mnunuzi.

Linalosikitisha ni kwamba mara nyingi mtoto kama huyo akifika darasani huambiwa, pasipo kutamkiwa, aache ujuzi wake mlangoni. Hunakili ubaoni maana ya ujazo ilhali debe limelala stoo. Jioni hupelekwa kwenye shamba la shule akalima ngwe yake, na hakuna amwulizaye ngwe hiyo ina mita ngapi za mraba. Somo na kazi, vilivyopaswa kukutana, hupishana kila siku katika uwanja mmoja wa shule.

Ndivyo ilivyotokea katika shule nyingi baada ya 1967. Elimu ya Kujitegemea iligeuzwa kuwa saa za jembe. Shule ilisifiwa kwa wingi wa magunia, si kwa walichojifunza wanafunzi walipoyavuna. Aliyechelewa namba alipewa ngwe ya adhabu. Mtu aliyefundishwa utotoni kwamba jembe ni adhabu ataamini vipi ukubwani kwamba jembe ni heshima? Nako kumchotea mwalimu maji na kumtafutia kuni za nyumbani kulipewa jina hilo hilo tukufu. Wazazi walinung'unika, na walikuwa na haki.

Zilikuwapo sababu nyingine pia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa haki, lakini watoto waliongezeka kwa kasi kuliko madarasa na walimu, na chaki ikabaki zana pekee. Palipokuwa na maandalizi, mambo yalikwenda vingine. Kwamsisi, mkoani Tanga, ilijaribiwa mapema miaka ya 1970 kuwa shule ya jumuiya, masomo yake yakifungamanishwa na kazi za kijiji, nacho Chuo cha Ualimu cha Korogwe kikiwa bega kwa bega na walimu.

Somo la vitendo halihitaji mambo makubwa. Wakulima wa nchi hii wamepunjwa kwa miaka mingi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, ingawa Sheria ya Vipimo inaikataza. Wanafunzi wa darasa la tano wakipima mpunga kwa mizani, ukakobolewa, kisha wakapima mchele uliopatikana, wataona kwamba kilo 100 za mpunga hutoa kilo 60 hadi 65 hivi za mchele. Hapo asilimia itaeleweka bila viboko. Zaidi ya hayo, nyumba yenye mtoto anayejua mizani si rahisi kupunjwa.

Kakao nayo ni somo. Kokwa mbichi huvundikwa kwa majani ya migomba kwa muda wa siku sita hivi, zikapata joto, kisha huanikwa juani hadi uzito wake ukapungua zaidi ya nusu. Joto hilo hutokana na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na mtoto aliyeligusa kwa kiganja chake hatahitaji kukariri kwamba viumbe hao wapo. Kopo lililokatwa vizuri na kuwekewa rula huwa kipima mvua, na vipimo vya Machi hadi Mei huwa grafu. Mfinyanzi akialikwa darasani atafundisha tabia za udongo kwa ufasaha usiopatikana kitabuni. Aidha, mtoto aliyezungumza Kinyakyusa tu nyumbani huushika upesi msamiati wa Kiswahili anapokuwa na kitu chenyewe mkononi.

Haina maana kwamba mzigo wote atwishwe mwalimu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika tena, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 hawezi kulaumiwa akishindwa kumfikia kila mmoja. Vikundi vidogo vitamsaidia, na ufaraguzi wa zana kwa vizibo, vijiti na makopo ni sifa ya mwalimu bora. Lakini ufaraguzi usiwe kisingizio cha kumnyima mwalimu mizani, futi kamba na kipimajoto. Halmashauri inayoweza kununua viti vya mikutano haiwezi kushindwa kuinunulia shule mizani moja.

Wako pia wanaokagua kazi hiyo. Maafisa Elimu Kata na Wathibiti Ubora wa Shule wasiishie kwenye andalio la somo na azimio la kazi. Wawaulize watoto wamepima nini, wamekosea wapi, na wamegundua nini. Mapato ya shamba la shule yaandikwe ubaoni, wanafunzi wenyewe wayapigie hesabu, na Kamati ya Shule iyajadili hadharani. Watunga mitihani nao wakumbuke kwamba mtihani usiouliza alichotenda mtoto humfanya mwalimu arudi kwenye kukaririsha, hata kama mtaala unasema vingine.

Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio kundi la kwanza lililopangiwa kumaliza elimu ya msingi katika darasa la sita, mwaka 2027. Muda wao darasani umepunguzwa kwa mwaka mzima, na kila saa itakayopotea kwa kunakili au kwa kibarua haitarudishwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Wale waliokabidhiwa dhamana hii, kuanzia wizarani hadi kwa mwalimu wa zamu, hawana budi kuhakikisha kwamba kila mtoto anaposhika jembe, debe au udongo shuleni, mwalimu yupo kando yake akimwuliza swali.